Sekunde Kumi za Kukatiza Lami: Mwongozo wa Njia Panda kwa Wenye Baiskeli

Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kupitia Dodoma na Singida hufika Mlima Sekenke, wilayani Iramba, kisha huteremka kwenye tambarare ya Wembere kuelekea Shelui na Nzega. Juu, kabla ya mteremko, iko Misigiri, ambako barabara ya Kiomboi inachomoka. Hapa si mjini kwa maana ya maghorofa, ila magari ni ya mjini: matangi ya mafuta ya Rwanda na Burundi, semi za makontena ya Kongo, mabasi ya Mwanza, noah za abiria, bodaboda. Katikati ya hayo yote yuko mtu mwenye baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa, madumu ya maji, alizeti au tenga la kuku, na haja yake ni moja tu: kufika ng'ambo.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, mwalimu mkuu ambaye wanafunzi wake huvuka lami kila asubuhi, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, na fundi baiskeli ambaye huletewa rimu zilizokunjwa na kuambiwa "nilianguka tu". Unahusu njia panda za aina ya Misigiri na Shelui, lakini yaliyomo yanafaa popote lami inapopita katikati ya watu.

Kwanza acha kumhubiria mwendesha baiskeli. Semina za usalama barabarani hupenda kuanzia kwake: avae kofia ngumu, aangalie kulia na kushoto, asibebe mzigo mkubwa. Sina ugomvi na kofia, lakini kofia haimwongezei mtu hata sekunde moja ya kuvukia. Na mzigo mkubwa ndiyo sababu ya baiskeli kuwa barabarani; angekuwa na nauli ya bajaji angepanda bajaji. Anza na njia panda yenyewe, na uipime kwa sekunde.

Jinsi ya kupima

Baiskeli yenye mzigo mzito haipandwi ikakimbia papo hapo. Mwenyewe huiegemeza, huisukuma hatua kadhaa, na mara nyingi huivusha lami akiwa anatembea. Mwendo huo ni kama mita 1 kwa sekunde, wakati mwingine chini ya hapo. Lami ya barabara kuu pamoja na mabega yake ya pande zote mbili hufika takriban mita 10. Ya kwenu ipime kwa kamba. Maana yake mtu huyo anahitaji sekunde 10 kutoka bega moja hadi jingine, bila kujikwaa na bila gunia kuyumba.

Sasa geukia lori. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria wa magari makubwa na mabasi nje ya makazi, gari hukata mita 22 kila sekunde. Katika zile sekunde 10 za mwenye mkaa, litakuwa limetembea mita 220, yaani viwanja viwili vya mpira na ziada. Likipunguza hadi 50, ukomo wa kwenye makazi, litatembea mita 140. Kwa 30 ni mita 83. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu njia panda yenu ni hili: mtu akisimama pale anaposubiri kuvuka, anaona mita ngapi kila upande?

Huhitaji mhandisi kulijibu. Tafuta watu wawili na simu moja yenye saa ya kuhesabia. Mmoja asimame na baiskeli yenye mzigo mahali ambapo watu husimama kweli, si mahali ambapo wewe unadhani wangepaswa kusimama. Gari linapoanza kuonekana aseme "ninaliona". Mwenzake aanze kuhesabu, na asimamishe saa linapopita mbele yao. Andika. Fanya hivyo kwa magari 30 ya upande wa kulia na 30 ya upande wa kushoto. Kisha mwombe mwenye baiskeli avuke pakiwa shwari kabisa, nawe uhesabu alivyotumia.

Usitafute wastani. Chukua sekunde chache kuliko zote ulizoandika, kwa maana anayegongwa hagongwi na wastani. Kama idadi hiyo ni ndogo kuliko sekunde za kuvukia, njia panda yenu haivukiki hata na mtu mwangalifu. Anayevuka salama hapo anavuka kwa sababu dereva alipunguza mwendo au kwa sababu hakukuwa na gari. Hilo ndilo la kuwaambia wanaosema waendesha baiskeli ni wazembe.

Pima katika saa tofauti. Asubuhi wanafunzi wanapokwenda shule. Siku ya mnada, watu wanapotoka vijijini na mifugo na mizigo. Jioni, kwa kuwa madereva wanaoelekea Nzega hupata jua usoni na baiskeli iliyo mbele yao huwa kivuli tu. Na usiku pia: tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku kucha mwaka 2023, barabara hii hailali.

Ukishapata sekunde zako, dawa ni tatu tu: kumwongezea mtu uwezo wa kuona mbali, kulipunguza gari mwendo, au kuifupisha safari ya kuvuka. Kila pendekezo utakaloletewa mkutanoni liulize: hili linaongeza sekunde au linapunguza mita? Kama halifanyi lolote kati ya hayo, liache lisubiri.

Kusafisha kona

Hapa ndipo kijiji kinaweza kufanya mengi bila fedha nyingi, na hapa ndipo penye ugomvi mwingi.

Kinachoziba macho njia panda kwa kawaida ni vitu vinne: vibanda, vichaka, bodaboda zilizojipanga kwenye kona yenyewe, na malori yaliyoegeshwa. Vichaka ni kazi ya msaragambo wa asubuhi moja. Bodaboda zinahitaji mazungumzo, lakini kijiwe kina uongozi wake na uongozi huo una maslahi. Waoneshe karatasi ya sekunde, kisha waombe wasogee ndani ya barabara ndogo, mita 20 hivi kutoka kwenye lami. Abiria watawafuata huko, na wao wenyewe ni wahanga wa kona hiyo hiyo.

Malori ni habari nyingine. Lori lililoegeshwa kwenye bega la barabara karibu na njia panda huleta madhara mawili kwa mpigo: linamficha mwenye baiskeli, na linamlazimisha yule anayepita kando aingie kwenye lami kulizunguka. Utaweka kibao cha "Usiegeshe", na kesho yake lori litaegeshwa chini ya kibao. Dereva hasimami pale kwa ukaidi. Amesimama kwa sababu kuna ugali, nyama choma na maji ya kunawa. Ukitaka kuhamisha malori, hamisha sufuria. Kaa na mama lishe, waoneshe eneo pana mita 150 au 200 kupita njia panda, nyuma kabisa ya bega, na halmashauri isaidie kusawazisha kiwanja na kupeleka choo na bomba. Eneo likiwa na choo safi, madereva watalijua kabla ya mwezi kwisha. Kuwafukuza kwa mgambo kunafanikiwa wiki mbili. Wiki ya tatu meza zinarudi, safari hii zikiwa karibu zaidi na lami ili zikusanywe upesi.

Kumbuka kuwa ardhi yenyewe si ya kijiji. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za 2009, hifadhi ya barabara kuu ni mita 60, thelathini kila upande kutoka katikati ya barabara. Kila aliyejenga ndani yake anaijua ile X nyekundu ukutani. Ni jambo la kusikitisha kwa mwenye kibanda, lakini kwako wewe unayepanga njia panda lina faida: nafasi ya kuweka mahali pa kusubiria baiskeli ipo tayari, ni suala la kuitumia.

Kuna usafi mwingine wa kona ambao hauzungumzwi. Barabara ndogo ya vumbi inapokutana na lami, matairi hubeba kokoto na mchanga hadi juu ya lami. Gari haliziogopi. Baiskeli yenye kilo 80 nyuma ikifunga breki juu ya kokoto hizo huteleza, na mwenyewe huangukia upande wa magari. Fagieni kona hiyo kila wiki. Ni ufagio na dakika kumi. Dawa ya kudumu ni kuomba mita 30 hadi 50 za mwanzo za barabara ndogo ziwekwe lami. Pia angalieni ukingo wa lami ulioliwa na mvua. Pale ambapo lami imebaki juu kama ngazi, mwenye baiskeli anayepigiwa honi atoke barabarani hawezi kutoka bila kuanguka, basi habandui tairi kwenye lami. Madereva humwita mkaidi. Jazeni changarawe, mshindilie, mtaona ukaidi unakwisha.

Kupunguza mwendo chini ya mlima

Ndugu msomaji, usijenge tuta mwenyewe. Najua hasira inayowafanya watu wapange magogo na mawe barabarani baada ya mtoto kugongwa. Lakini tuta lisilo na alama, katika barabara kuu inayotoka mlimani, usiku, linaweza kuua watu wengi kuliko lilivyokusudiwa kuokoa. Lori linaloshuka Sekenke na mzigo linatakiwa kushuka kwa gia nzito, ya namba ndogo, dereva akigusa breki kidogo kidogo. Asiyefanya hivyo hufika chini breki zikiwa moto, zinanuka, na hazishiki. Kumwekea tuta la ghafla mtu wa namna hiyo ni kumtega yeye na wote walioko barazani.

Mpangilio unaofaa huanza mbali. Kwanza alama za kuonya na ukomo wa 50, tena kwa pande zote mbili. Kisha rasta, ile mistari minene inayotikisa gari, kwa mafungu, kila fungu likikaribiana na jingine kadiri njia panda inavyokaribia. Tuta lenyewe, likihitajika, likae sehemu tambarare baada ya mteremko kwisha, limepakwa rangi na lina kibao chake. Sisitiza jambo moja ambalo mafundi husahau: rasta zisifike hadi mwisho wa bega. Ziachiwe mita 1 laini pembeni. Zikifunga upana wote, mwenye baiskeli ya maji atazikwepa kwa kuchepukia katikati ya barabara, na mtakuwa mmemsukuma kwenye hatari mliyotaka kumwondolea.

Tochi ya trafiki husaidia siku trafiki anapokuwepo. Madereva huambizana kwa taa kabla hawajafika. Rasta haina siku ya mapumziko.

Kushuka kutoka 80 hadi 50 kunaonekana kidogo, lakini nguvu ya kugonga hufuata mraba wa mwendo: gari la kilomita 80 kwa saa linagonga kwa nguvu zaidi ya mara mbili na nusu ya gari lile lile likiwa 50. Ukilishusha kutoka 50 hadi 30, nguvu hubaki kama theluthi moja tu. Diwani akikuuliza kwa nini mnang'ang'ania kibao kimoja, mpe hesabu hiyo.

Kuifupisha safari

Mahali pa kusubiria ni kitu cha kwanza. Chagueni sehemu moja tu ya kuvukia baiskeli, mita chache kutoka mdomo wa njia panda, ambako macho yanafika mbali kuliko kwingine kote. Isawazisheni, iwe imara hata masika, iwe na nafasi ya baiskeli tatu au nne zenye matenga kusimama bila kuingia kwenye bega. Isiteremkie barabarani. Mtu asitumie nguvu kuizuia baiskeli isijitumbukize. Mawe yaliyopakwa chokaa yanatosha kuionesha, ila muombe ruhusa kwanza kwa kuwa yatakuwa ndani ya hifadhi.

Kitu cha pili, na hiki ndicho ningekiomba kama ningepewa nafasi ya kuomba kimoja tu, ni kisiwa katikati ya barabara. Kikiwepo, sekunde 10 hugawanyika kuwa tano na tano. Katika nusu ya kwanza unaangalia kulia peke yake, unapumzika, nusu ya pili unaangalia kushoto. Lakini kisiwa chembamba cha watu wa miguu kubanana hakisaidii baiskeli. Baiskeli ya kawaida ina urefu wa karibu mita 1.8, kwa hiyo kisiwa kiwe na upana wa mita 2 au zaidi kwa upande wa kuvukia, na njia ya kupita katikati yake iwe sawa na lami, bila ngazi, pana kiasi cha magunia mawili kupita. Kisiwa pia huzuia kuovateki hapo hapo njia panda, tabia ambayo hakuna kibao kilichowahi kuimaliza.

Halafu kuna kona ya kulia. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo mwenye baiskeli anayetaka kukata kulia analazimika kwenda katikati ya barabara na kusimama pale, magari yakimpita pande zote. Mwenye mzigo asifanye hivyo kamwe. Aende mbele kwa mkono wake wa kushoto, apite mdomo wa barabara anayoitaka, asimame pembeni, ageuze baiskeli, kisha avuke kama mtu wa miguu. Sheria za Denmark zinawataka waendesha baiskeli wote wakate kona ya aina hii kwa hatua mbili, na Copenhagen ina baiskeli nyingi kuliko Shelui. Wafundisheni wanafunzi uwanjani kwa chaki.

Kona ya kushoto ina hatari yake. Lori linalokata kushoto kuingia Kiomboi huvuta trela lake ndani zaidi ya kichwa, na baiskeli iliyo ubavuni hubanwa. Dereva wa lori lenye usukani wa kulia haoni vizuri ubavu wa kushoto, karibu na mlango wa utingo. Baadhi ya malori ya nchi jirani yana usukani wa kushoto. Dereva wake haoni ubavu wa kulia, na akitaka kuovateki hulazimika kuchungulia kwa kutoa nusu ya gari. Kwa sababu hiyo, kanuni ya kumfundisha mtu ni fupi: lori likiwasha indiketa, au likianza kupunguza mwendo karibu na njia panda, kaa nyuma yake. Usichomekee. Na mdomo wa barabara ndogo usiachwe mpana kama uwanja, maana upana huo ndio unaomruhusu mwenye noah kukata kona bila kukanyaga breki.

Usiku, rifleta nyekundu kwenye madigadi haifanyi kazi kama gunia limeifunika. Mkaa hufungwa ukaning'inia hadi karibu na ekseli. Rifleta ifungwe kwenye mzigo wenyewe, nyuma ya gunia la mwisho, kwa kamba inayohamishika. Fundi baiskeli anaweza kukata vipande vya stika ya kung'aa na kuvibandika kwenye ubao mdogo wenye tundu mbili. Hiyo ni biashara halali na ningependa kuiona katika kila kijiwe.

Neno la tahadhari kuhusu njia maalumu za baiskeli, kwa kuwa kuna mtu atazitaja mkutanoni. Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, ilijengewa njia hizo pamoja na mradi wa mabasi yaendayo haraka ulioanza kazi mwaka 2016. Tembea huko leo, utakutana na bodaboda, meza za wamachinga na magari yaliyoegeshwa. Njia isiyo na vizuizi vya kuilinda huwa mali ya aliyewahi. Kwa njia panda ya kijijini, kisiwa na rasta vitawapa zaidi kwa fedha kidogo. Dar es Salaam hiyo hiyo ina mfano bora: shirika la Amend lilipita shule moja moja likiweka matuta, vivuko, njia za miguu na nguzo fupi, na pengine likahamisha geti la shule kutoka barabara yenye magari kwenda ile iliyotulia. Hakuna kilichokuwa cha ajabu. Mwaka 2019 kazi hiyo, SARSAI, ilishinda tuzo ya kwanza ya WRI Ross ya miji, ikishindana na kazi kutoka duniani kote.

Kuandika barua inayojibiwa

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala ulioanzishwa mwaka 2000. Za wilaya na vijiji ni za TARURA, iliyozinduliwa 2017. Njia panda nyingi huwa na zote mbili, na hapo ndipo barua hupotea: kila mmoja humsubiri mwenzake. Andika barua moja kwa Meneja wa TANROADS Mkoa wa Singida, nakala kwa TARURA wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya ya Iramba na mkuu wa kikosi cha usalama barabarani mkoa.

Usiandike "tunaomba mtusaidie ajali zimezidi". Taja mahali kwa jina na kwa jiwe la kilomita lililo karibu. Ambatanisha jedwali la sekunde, mchoro wa mkono unaoonesha vibanda na mahali pa kusubiria, picha za asubuhi na za usiku, na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliopitisha ombi. Omba vitu visivyozidi vitatu, kimoja kikiwa cha bei ndogo ambacho meneja anaweza kukitoa kwenye fedha za matengenezo bila kuuliza Dodoma. Eleza pia mlichokwisha kufanya wenyewe: kona imefagiwa, kijiwe kimesogea, mama lishe wamekubali kuhama. Ofisi humsikiliza zaidi aliyekwisha kuanza.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili. Makadirio ya mkoa yanaandaliwa miezi mingi kabla. Barua ifike kabla ya mwaka mpya, igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala yenye muhuri ibaki kwa mtendaji. Kazi ikifanyika, rudieni kupima: mahali pale pale, saa zile zile, baiskeli yenye mzigo ule ule. Ikiwa sekunde chache kuliko zote bado hazitoshi kuvukia, barua ya pili ni rahisi kuiandika kuliko ya kwanza, kwa kuwa tayari ina kumbukumbu namba.